Kwaheri za Entebbe

Tarehe 4 Agosti, 1972, Jenerali Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wa Uganda wenye hati za Uingereza ni lazima waihame nchi, wakapewa siku 90. Punde amri ikapanuka, na maelfu waliojijua kuwa raia wakaambiwa karatasi zao si halali. Zaidi ya 27,000 walikimbilia Uingereza. Wengine Kanada, Bara Hindi na kwingineko.

Wako ndugu zetu wafanyakazi wasemao hata leo kwamba waliofukuzwa walikuwa mabepari, basi na waende. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Ni kweli biashara kubwa za Uganda zilikuwa mikononi mwa wachache. Lakini na tuwatazame walioaga. Katika foleni za Kampala walisimama makarani, waalimu, wajane na mafundi cherehani. Mtu alimkabidhi jirani ufunguo wa nyumba asiyotazamia kuiona tena. Yaya alimwaga mtoto aliyemlea mgongoni, naye tangu siku hiyo hana kazi. Kisha, katika njia ya Entebbe, askari waliwavua wasafiri saa na pete kwenye vizuizi. Tajiri mkubwa alikuwa na akiba ng'ambo. Fundi alikuwa na cherehani tu, nayo haikupanda ndege.

Na maduka je? Mfanyakazi hakuyapata. Yaligawiwa maofisa wa jeshi na vipenzi vyao, ambao wananchi waliwabandika jina la Kiswahili: mafuta mingi. Rafu zikabaki tupu, na sukari ikaadimika katika nchi yenye viwanda vya Kakira na Lugazi. Mwalimu Nyerere alikilaani kitendo kile waziwazi kuwa ni ubaguzi wa rangi, nasi twaona alisema haki: unyonyaji haukuguswa, ulibadilishwa sura tu.

Tena, ndugu msomaji, Waasia hawakuwa wa kwanza. Mwaka 1970, chini ya serikali ya Obote, wafanyakazi wa Kenya kwa maelfu waliondoshwa Uganda, Waafrika wenzetu walioishi kwa mshahara. Wala hawakuwa wa mwisho. Mwaka 1982, Obote akiwa amerudi madarakani, watu wenye asili ya Rwanda walifukuzwa makwao huko Ankole, baadhi wakavuka mpaka kuingia Tanzania. Wengi wao walikuwa wachunga ng'ombe, wasiomiliki hata duka moja.