Povu Si Dawa

Katika mabweni mengi kuna kisanduku cha huduma ya kwanza, na mara nyingi ndani yake mna chupa ndogo ya rangi ya kahawia yenye haidrojeni peroksaidi. Mchezaji akichubuka goti humiminiwa dawa hiyo, povu jeupe hufura, na wenzake husema, "Tazama, vijidudu vinakufa!" Kwa maoni yangu desturi hii yafaa ikomeshwe, na sababu zake tunazo katika masomo yetu ya sayansi.

Kwanza tuijue dawa yenyewe. Aliyeigundua ni Mfaransa Louis Jacques Thénard, mwaka 1818. Maji yana atomu mbili za haidrojeni na moja ya oksijeni. Peroksaidi ina mbili na mbili, yaani H₂O₂. Oksijeni hiyo iliyozidi haikai imara. Mwanga na joto huivunja peroksaidi polepole, yakabaki maji na gesi ya oksijeni; ndiyo maana hutiwa katika chupa ya rangi. Ile ya duka la dawa aghalabu ni ya asilimia 3. Ya maabara huweza kufika asilimia 30, nayo huunguza ngozi.

Sasa povu latoka wapi? Damu na nyama za mwili zina kimeng'enya kiitwacho katalesi, ambacho huivunja peroksaidi upesi sana. Povu ni ile oksijeni inayotoka. Mwenye shaka na akate kipande cha kiazi kibichi au cha maini ya ng'ombe, akitonee matone machache. Povu litafura vile vile. Je, kiazi kina kidonda? La. Basi povu halithibitishi kwamba vijidudu vinakufa. Lathibitisha tu kwamba dawa inavunjika. Tena baadhi ya vijidudu viletavyo usaha vina katalesi yao wenyewe, navyo hujikinga kwayo. Wakati huo huo peroksaidi huziumiza chembe hai za mwili ambazo ndizo zenye kazi ya kukifunga kidonda.

Wako watakaosema kwamba wazee wetu waliitumia wakapona. Ni kweli walipona, lakini mchubuko mdogo hupona wenyewe ukiwa safi.

Sisemi kwamba peroksaidi haina faida. Viwandani hung'arisha nguo na karatasi. Nyumbani hutoa doa la damu katika shati jeupe. Meza iliyokwisha kusafishwa, ikipakwa peroksaidi na kuachwa dakika kadhaa, vijidudu hufa. Katika maabara twaitumia kupata oksijeni. Lakini isinywewe kamwe: ile kali huunguza koo na tumbo, na gesi yake yaweza kuingia katika mishipa ya damu ikaua.

Kwa hiyo nawaomba walimu wetu chupa hiyo iondolewe bwenini, ikatunzwe maabara chini ya ufunguo. Mahali pake pawekwe sabuni, kitambaa safi na bendeji. Mchubuko uoshwe kwa maji safi na sabuni, kisha ufungwe. Aliyechomwa na msumari apelekwe hospitali, kwa kuwa pepopunda haionekani kwa macho. Aliyeumwa na mbwa aoshwe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ile ile, kwani kichaa cha mbwa kikishaanza hakiponi. Wazazi nao wafuate hivyo hivyo nyumbani. Wahenga walisema, mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Na kama kweli twapenda povu, sabuni nayo inalo.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne