Nyumba Yetu: Maji Hayajui Kusema Uongo

Ndugu msomaji, nyumba ya mfanyakazi wa mjini aghalabu haijengwi mara moja. Huanza kwa vyumba viwili. Mtoto wa tatu akizaliwa, huongezwa kimoja. Mama mzazi akija kutoka kijijini, huongezwa kingine. Kisha hufuata baraza, jiko na bafu. Kila nyongeza huwa na fundi wake na mwaka wake, na kila fundi huanza kupima pale anapoona panamfaa. Mwishowe familia hujikuta inaishi katika nyumba moja yenye sakafu tatu.

Nyumba ya mjomba wangu, pale Nyasho mjini Musoma, ni ya namna hiyo. Vyumba vya mbele alivijenga alipokuwa bado kijana kazini. Vya nyuma vilifuata baada ya miaka kumi na zaidi, kwa mkono wa fundi mwingine. Kila masika mvua iliponyesha kwa nguvu, maji yaliingia kwa mlango wa nyuma na kulowesha chumba cha kulala. Tukazoea kuweka magunia mlangoni na kulaumu mvua. Kisha, mwaka jana, mkazamjomba, ambaye umri wake umepita miaka sabini, alijikwaa usiku pale ujia unapokutana na chumba cha nyuma, akaanguka na kuvunjika kifundo cha mkono. Hapo ndipo watoto wao watatu walipochanga fedha ili sakafu yote irekebishwe na kutandazwa vigae. Fedha zile zilitosha kazi moja tu. Kazi ikiharibika, hapakuwa na nyingine ya kuirudia.

Fundi aliyeitwa alikuwa kijana kutoka Bunda, aliyefika kwa pikipiki akiwa na kisanduku mgongoni. Ndani yake mlikuwa na kipimo cha leza. Kwa wasiokifahamu, hiki ni chombo kidogo kinachowekwa juu ya mguu wa matatu. Ndani mna uzito unaoning'inia kama timazi, nao hukisawazisha chombo chenyewe. Kisha hutoka nuru ambayo huchora ukutani mstari uliolala sawasawa, na mwingine uliosimama wima. Leza ya kwanza iliwashwa nchini Marekani mwaka 1960 na mwanafizikia Theodore Maiman. Leo nuru hiyo imeshuka hadi mikononi mwa waashi wetu, na hapana shaka ni jambo la kushukuru. Kazi iliyohitaji watu wawili na kamba ndefu sasa hufanywa na mtu mmoja.

Lakini mjomba alikuwa amemwalika pia rafiki yake wa zamani, mwashi mstaafu wa Butiama, aje atazame tu.

"Shikamoo, mzee," kijana alisema.

"Marahaba, mwanangu. Hicho ndicho kitakachotupimia?"

"Ndicho, mzee. Mambo ya mpira wa maji yamepitwa na wakati."

"Huenda yamepitwa," mzee akajibu. "Basi tuyatumie mara moja ya mwisho, tuyaage kwa heshima."

Akautoa mpira wake mwangavu wenye urefu wa mita 15, akaujaza maji polepole, akaugongagonga kwa kidole hadi viputo vyote vya hewa vikatoka. Siri ya mpira huu ni nyepesi. Maji yaliyomo katika mpira mmoja ulio wazi ncha zote mbili husimama kwa kimo kimoja, hata kama ncha moja iko sebuleni na nyingine iko uani. Anayeshika ncha ya kwanza hulinganisha maji na alama; anayeshika ya pili huweka alama pale maji yanapotulia. Alama hizo mbili ziko sawa.

Kijana alikuwa amekwisha kuweka chombo chake mlangoni mwa sebule, na mstari wake mwekundu ulipita ujia hadi ukuta wa mwisho, umbali wa mita 12. Mzee akapima kwa mpira kutoka alama ileile ya sebuleni. Kule mwisho, alama ya maji ilikuwa chini ya mstari wa leza kwa milimita 12.

Nani mkweli? Ndugu msomaji, hapa ndipo wengi wangeanza kugombana, mmoja akitetea elimu yake na mwingine akitetea mvi zake. Hawakugombana. Kijana alisema kwamba chombo chenyewe kina namna yake ya kujaribiwa, akaifanya mbele yetu sote. Yafaa uifahamu, kwani unaweza kumwomba fundi wako aifanye kabla hujamkabidhi fedha.

Chukua kuta mbili zinazotazamana, zilizoachana kwa mita 5. Weka chombo karibu na ukuta wa kwanza, uweke alama ya mstari kwenye ukuta huo. Kisha kigeuze, uweke alama kwenye ukuta wa pili. Halafu kihamishie karibu na ukuta wa pili, ukipandishe au kukishusha hadi mstari uguse ile alama ya pale. Sasa kigeuze kitazame ukuta wa kwanza. Chombo kikiwa kizima, mstari utaangukia alama ya mwanzo au karibu nayo sana. Pengo lolote linaloonekana ni kosa lililojirudia mara mbili. Vyombo vingi vya kazi za nyumbani huruhusiwa kukosea kama milimita 3 katika mita 10. Kwa hiyo katika jaribio hili pengo halipaswi kuzidi milimita 3.

Pengo letu lilikuwa milimita 10. Maana yake chombo kilikosea milimita 1 kwa kila mita, na katika mita 12 hizo ni milimita 12 zilezile alizozikuta mzee kwa maji.

Kijana alinyamaza kidogo. Kisha akasema waziwazi, mbele ya mwenye nyumba, kwamba wiki iliyotangulia kisanduku kilimwanguka kutoka kwenye pikipiki, naye hakukipima tena. Mzee hakumcheka. Alimwambia, "Hata mpira wangu ukiingia kiputo cha hewa hunidanganya. Maji hayajui kusema uongo. Hewa ndiyo mwongo. Na chako, kuanguka ndiko kulikokisemesha uongo."

Fikiri, msomaji, kama mpira usingekuwapo. Sakafu nzima ingepanda zaidi ya sentimita moja kutoka mbele kwenda nyuma, chini ya vigae vilivyogandamana kwa saruji, na maji ya kudeki yangekimbilia sebuleni daima. Hasara nayo huhesabika. Katika chumba cha mita 4 kwa 5, kila sentimita moja ya kimo humeza takriban mfuko mmoja na nusu wa saruji ya kilo 50, ikiwa mchanganyiko ni saruji moja kwa mchanga minne.

Siku ile kazi ikafanywa kwa mpira. Walichora mstari mmoja kuizunguka nyumba nzima, mita 1 juu ya sakafu ya sebule. Huu ndio mzizi wa marekebisho yote ya nyumba: kabla ya kuvunja chochote, chora mstari mmoja, kisha pima kutoka mstari huo kushuka chini kila mahali na uandike katika daftari. Usipime kutoka sakafuni kupanda juu, kwa sababu sakafu ndiyo unayoishuku.

Daftari likasema hivi. Sebuleni, sentimita 100. Katika ujia, 101. Chumba cha nyuma, 97. Baraza ya nyuma, mlangoni, 98. Na ukingoni mwake, upande wa uani, 96.

Tarakimu hizo tano zilitufunulia siri zote za nyumba ile. Kati ya ujia na chumba cha nyuma palikuwa na kipandio cha sentimita 4, kidogo mno kuonekana usiku lakini kikubwa vya kutosha kumwangusha mtu mzima. Na baraza ilikuwa imeinama kuelekea mlangoni badala ya kuelekea uani. Mvua haikuwa na kosa lolote. Kwa miaka yote ile maji yalikuwa yakifuata njia tuliyoyajengea wenyewe.

Dawa yake ikawa wazi. Sebule ikainuliwa sentimita 3 na ujia sentimita 4 kwa tabaka la saruji na mchanga, ili vilingane na chumba cha nyuma. Milango ya mbele ikakatwa upande wa chini kwa kiasi hicho pamoja na unene wa vigae. Baraza ikavunjwa na kumiminwa upya, ikiteremka sentimita 3 kutoka mlangoni hadi ukingoni, katika upana wa mita moja na nusu. Kwa kuwa uani pana mwinuko, ukachimbwa pia mfereji wa kuyachukua maji kando ya nyumba. Bafuni, sakafu ilipewa mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu la kutolea maji. Sakafu ya bafu iliyosawazishwa kabisa huwa dimbwi.

Baada ya wiki moja kijana alirudi na chombo chake kikiwa kimekwisha kurekebishwa. Alikijaribu kwanza, bila kuambiwa: pengo milimita 2. Hapo leza ikaonyesha thamani yake. Mistari ya vigae katika kuta za bafu, kazi ambayo kwa pima maji ya mkono na timazi ingechukua siku nzima, ilikwisha kabla ya adhuhuri.

Tusitoke hapo, basi, tukidhani kwamba la zamani ni bora na jipya ni baya. Kila chombo kina mahali pake. Kule Butiama, hususan Mwitongo alikozikwa Mwalimu Nyerere mwaka 1999, ardhi imejaa majabali. Nuru hunyooka na kukomea kwenye jabali, lakini mpira wa maji hulizunguka na kukupa kimo cha upande wa pili. Kwenye nyanda za Bunda zenye udongo mweusi wa mbuga, adui ni mwingine: udongo huo huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, kwa hiyo sakafu iliyo sawa wakati wa masika yaweza isiwe sawa kiangazi. Huko hakuna kipimo kitakachokuokoa ikiwa msingi haukushuka hadi udongo imara. Na wanaokaa kando ya ziwa hapa Musoma wanakumbuka mwaka 2020, Ziwa Victoria lilipopanda hadi kulingana na kimo chake cha mwaka 1964. Ziwa nalo ni pima maji, kubwa kuliko zote. Anayejenga ufukoni ahesabu kimo chake kutoka hapo.

Mwisho, tahadhari kwa wenye kipimo cha leza. Usiutazame mwali wake kwa macho, wala usiwaachie watoto wakichezee. Ukikibeba, funga kwanza ule uzito wa ndani usiyumbeyumbe. Ukikiwasha, subiri kitulie. Mstari ukimetameta ujue umekiinamisha mno. Juani mstari hauonekani vyema, ule wa kijani huonekana kuliko mwekundu, lakini kazi nyingi za nje bado ni za kamba na maji. Kikianguka, kipime. Na kama bei yake imewashinda, mafundi wawili au watatu wa mtaa mmoja waweza kukinunua kwa pamoja.

Mvua za vuli zilipofika, mjomba alikaa karibu na mlango wa nyuma akiyatazama maji yakiteremka barazani, yakaingia mferejini na kwenda zake. Magunia yalikuwa yamekunjwa stoo. Usiku ule mkazamjomba aliamka kunywa maji, akapita ujia mzima gizani hadi jikoni na kurudi, na asubuhi hakuwa na habari yoyote ya kutusimulia.

Jumapili ijayo, majaliwa, tutazungumzia milango ya mbao inayovimba wakati wa masika, na nini cha kufanya kabla ya kumwita seremala.