Ajabu Nayo Ipimwe

Usiku wa giza, mwezi ukiwa haujachomoza, mvuvi wa Moa, hapa kwetu Mkinga, akichopeka kasia majini bahari huwaka. Cheche za kijani na samawati huzunguka ubapa wa kasia, samaki akishtuka huacha nyuma yake mstari wa mwanga, na mkono ukichovywa hutoka umepakaa vimetameta ambavyo hufifia kabla hujavihesabu. Wapo wasemao kwamba hizo ni taa za vibwengo. Wapo pia vijana waliotia cheti cha kidato cha nne mfukoni, ambao hucheka na kuyaita maneno hayo ushamba, ilhali wao wenyewe hawajui mwanga huo watoka wapi. Hawa wawili waonekana kupingana, kumbe kosa lao ni moja: hakuna kati yao aliyeteka ndoo ya maji akaitazama. Angeiteka, akayachuja maji kwa kanga iliyokunjwa mara nne, kisha akayakoroga gizani, angeona yaliyochujwa yamefifia au yamezima kabisa, na ile kanga ndiyo inayometa ikitikiswa. Basi mwanga umo ndani ya kitu chenye mwili, kinachonasa kwenye kitambaa. Ni viumbe vidogo mno vya baharini, ambavyo hutoa nuru vinaposukwasukwa. Jibu hilo halikuhitaji maabara ya Dar es Salaam. Lilihitaji ndoo, kanga, na mtu asiyeona haya kuuliza.

Hiyo ndiyo tabia ninayotaka tuizungumze, na mfano wake bora haukutoka ng'ambo. Ulitoka Magamba, huko juu Lushoto, katika mkoa wetu huuhuu wa Tanga. Mwaka 1963 mwanafunzi wa kidato cha tatu, Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, ndipo yaingizwe kwenye friji. Nafasi ilikuwa haba na wanafunzi wanagombania. Mwenzake mmoja akatia maziwa yake bila kuyachemsha; Mpemba, kwa kuogopa kukosa nafasi, akatia yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi walifungua: ya Mpemba yameganda, ya mwenziwe bado ni majimaji mazito. Akamuuliza mwalimu wa fizikia, akaambiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Alipofika Mkwawa, Iringa, kila akikosea darasani alitaniwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba. Hukohuko alikuja Dk. Denis Osborne, mtaalamu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa chuo kishiriki, kutoa mhadhara. Mpemba akasimama na kumuuliza swali lake: maji ya kipimo kimoja katika vyombo viwili, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, yakitiwa kwenye friji, kwa nini yale ya moto hutangulia kuganda? Wenzake wakacheka.

Tazameni alichofanya Osborne, maana ndilo shina la makala haya. Yeye hakuamini, kwa elimu yake yote jambo hilo lilikuwa kinyume. Wala hakucheka. Alirudi Dar es Salaam akamwagiza fundi wa maabara ajaribu, na fundi akarudi na habari kwamba kweli ya moto yalitangulia. Wakajaribu tena, na tena, na mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha habari hiyo pamoja katika jarida la ualimu wa fizikia. Jambo hilo laitwa mpaka leo kwa jina la Mpemba duniani kote. Na hadithi haikuishia kwenye makofi. Mwaka 2016 wataalamu wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walirudia vipimo kwa uangalifu mkubwa wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha, wakaonyesha kwamba kipimajoto kikisogezwa sentimita moja tu ndani ya maji chaweza kugeuza jibu. Wengine wamewapinga. Mimi sioni aibu kwa Mpemba katika hayo. Dai lake limepewa heshima kubwa kuliko zote ambazo dai laweza kupewa: linapimwa bado, zaidi ya miaka 50 tangu lichapishwe.

Sasa, ikiwa maziwa ya mwanafunzi yalipimwa namna hiyo, kwa nini anayesema kwamba aona kitu kilichofichwa, au ajua jirani gani kakuloga, asipimwe? Hapa ndipo nipatapo taabu na baadhi ya ndugu zetu. Kwa bei ya samaki hawamwamini mtu. Jodari hupandishwa kwenye mizani mbele ya macho yao, na mizani yenyewe hukaguliwa kama haikuchezewa. Lakini mpiga ramli akitaja jina la bibi kizee wa nyumba ya tatu, hakuna aulizaye mizani. Na madhara yake si kuku mweusi na fedha tu. Katika mikoa ya kanda ya ziwa vikongwe wameuawa kwa kuambiwa ni wachawi, na ushahidi uliotajwa mara kwa mara ni macho mekundu. Macho ya mama aliyepika miaka 50 kwenye moshi wa kuni na wa samadi yawe na rangi gani? Watu wenye ualbino nao wamekatwa viungo na kuuawa kwa dai kwamba viungo hivyo huleta utajiri, dai ambalo halijapata kumtajirisha mtu isipokuwa muuzaji.

Wengine watasema, basi wote hao ni waongo. La, na hapa wasomi wetu hukosea sana. Mwaka 1853 Ulaya nzima ilishikwa na kichaa cha meza. Watu wenye heshima zao walikaa kuizunguka meza, wakaweka viganja juu yake, na meza ikaanza kwenda yenyewe. Wengine wakasema ni mizimu, wengine umeme. Michael Faraday, mtaalamu mkubwa wa umeme wa zama zake na mtoto wa mhunzi, hakuwaita waongo. Alitengeneza vibao viwili vilivyolaliana, katikati akaweka vijiti vya kioo ili cha juu kiteleze juu ya cha chini, akavifunga kwa mpira, na ubavuni akasimamisha ubua mwembamba ulioinama upande wowote kibao cha juu kilikosukumwa. Hoja yake ilikuwa nyepesi: kama meza ndiyo iendayo na kuvuta mikono, kibao cha chini kitatangulia, kama mikono ndiyo isukumayo, kitatangulia cha juu. Kilitangulia cha juu. Tena, wale watu walipouona ubua na kuutazama, meza ilikoma kwenda; ulipofichwa, ikaenda. Walikuwa wakisukuma bila kujijua. Nawaombeni mliweke moyoni neno hilo, kwamba watu wakweli, walioapa kwa haki kuwa hawasukumi, walikuwa wakisukuma. Kwa hiyo kiapo cha mtu mwema hakitoshi, wala kukitilia shaka si kumtukana.

Jambo hilo latufaa zaidi shuleni. Kila baada ya muda twasikia wasichana wa shule fulani wameanguka, wanapiga kelele, wamepagawa. Januari 1962 huko Kashasha, karibu na Bukoba, wasichana watatu wa shule ya bweni walianza kucheka na kulia bila kujizuia, na mpaka shule inafungwa mwezi Machi walikuwa wameshikwa wanafunzi 95 kati ya 159. Madaktari Rankin na Philip walichunguza, wakatafuta sumu kwenye chakula na ugonjwa kwenye damu, wasikute kitu. Walichokuta ni kwamba hali ile ilipita kwa mtu kumwona na kumkaribia mwenziwe, na kwamba ilifuata wasichana walipopelekwa makwao. Maumivu yalikuwa ya kweli, ila sababu yake ilikuwa hofu na dhiki ya roho inayoambukiza kama miayo. Mwalimu aliye na habari hiyo huwatenganisha watoto kwa upole, huwatuliza, na huuliza nini kinawasumbua hapo shuleni. Mwalimu asiye nayo huita mpunga pepo mbele ya shule nzima, na siku ya pili huwa na watoto 40 chini badala ya wanne.

Najua pingamizi litakalotangulia, nalo ni zito kwa watu wa dini kama sisi. Majini yametajwa katika Kitabu, yaani Kurani. Anayepima majini si anakikanusha? Sivyo hata kidogo. Kuamini kwamba majini yapo ni jambo moja, na kuamini kwamba homa ya mtoto wa fulani, Jumanne hii, ni jini mwenye jina hili anayetaka mbuzi wa rangi hii, ni jambo jingine, ambalo Kitabu hakikulisema; kalisema mganga. Tena dini yenyewe imetupa mfano mkubwa. Ibrahim, mtoto mchanga wa Mtume, alipofariki Madina, jua lilipatwa siku hiyohiyo. Watu wakasema limepatwa kwa msiba huo. Nani angepata sifa zaidi kwa kuyaacha maneno hayo yaenee? Naye, akiwa katika majonzi ya mzazi, aliwarudi, akawaeleza kwamba jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Sijui hoja yenye nguvu kuliko hiyo ya kumzuia mtu asiunganishe mambo mawili kwa sababu tu yametukia pamoja.

Pingamizi la pili ni la wajanja: uchawi ni wa siri, ukiuendea na kipimo hukimbia. Haya, na mganga aliuonaje mpaka akautoza bei? Kitu kinachoua mbuzi, kinachozuia mimba na kufilisi duka kina alama, na alama huhesabika. Kama hakina alama yoyote, hakimdhuru mtu. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Serikali ilisema dawa haidhuru mnywaji, na wengi wakasikia kwamba inaponya, ingawa hayo ni maneno mawili mbalimbali. Swali lilikuwa moja tu: wenye virusi vya UKIMWI au kisukari waliokunywa, wakipimwa hospitali kabla na baada, wangapi wamebadilika? Wale waliotupa vidonge vyao kabla ya kuliuliza walilipa zaidi sana ya shilingi 500.

La tatu ni kwamba sayansi ni ya Wazungu na haiyajui mambo yetu. Mpemba amekwisha kulijibu. Niongeze tu kwamba Wazungu nao huzomewa na mizani hiyohiyo. Mwaka 1903 profesa Blondlot wa Nancy, Ufaransa, alitangaza kwamba amegundua mionzi mipya, na wasomi kadhaa wakasema nao wameiona. Mwaka uliofuata Mmarekani Robert Wood alikwenda kuitazama, na chumba kilipokuwa giza akakichomoa kimyakimya kipande cha alumini ambacho bila hicho mionzi isingegawanyika. Profesa akaendelea kusoma vipimo vyake kama kawaida. Na wazee wetu, wanaotajwa sana kila hoja hizi zinapozuka, walikuwa wapimaji wakubwa. Nani aliyewafundisha bamvua na maji mafu yafuatavyo mwezi, au kusi na kaskazi ziingiapo? Waliangalia, wakakumbuka, na aliyekosea hakurudi pwani.

Tena kipimo hakiui ajabu, hupembua. Ilisemwa kwamba mapango ya Amboni, hapa Tanga, yanatoboa mpaka Mombasa. Timu ya Wajerumani na Waturuki ilipoyapima mwaka 1994, pango refu kuliko yote lilikuwa na mita kama 900. Dai hilo likafa. Lakini samaki silikanti, ambaye wataalamu walikuwa na hakika kwamba alitoweka pamoja na mijusi mikubwa ya kale, alivuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na tangu 2003 na 2004 jarife za Kilwa na Tanga zimempandisha tena na tena, hadi Tanga ikapata hifadhi yake ya bahari. Dai hilo likaishi, kwa sababu samaki alikuwapo, analazwa chini, anapimwa urefu.

Basi natoa rai kwa walimu wa sayansi wa Moa na wa Mkinga yote. Kusanyeni vifuu kumi vya nazi na pete moja. Mtu mmoja, peke yake chumbani, aokote karatasi iliyoandikwa namba, aifiche pete chini ya kifuu cha namba hiyo, kisha atoke kwa mlango mwingine asionane na yeyote, ili uso wake usije ukasema. Ndipo aingie anayedai kuona yaliyofichika, akiwa na watu ambao nao hawajui, achague. Rudieni mara 20, kila mara mkiandika jibu kabla ya kufunua. Anayebahatisha atapata mara mbili hivi. Akipata nane au zaidi, bahati tupu haifanyi hivyo hata mara moja katika mara elfu. Huyo mpelekeni Chuo Kikuu kwa heshima zote, nasi tutaandika jina lake karibu na la Mpemba. Akipata mbili, mpeni maji ya kunywa na nauli yake, na yule bibi wa nyumba ya tatu aachwe apike.