Usiipime kompyuta kwa kilomita ya kwanza

Leo nina kisa cha magunia ya mahindi na kompyuta. Usiulize vitu hivi viwili vilikutania wapi. Vilikutania sebuleni mwangu, mtaani Kapsoya, hapa jijini Eldoret.

Ilikuwa Ijumaa jioni shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alipobisha hodi akitoka kwake Moiben. Alikuwa ameandamana na mwanawe, ambaye yuko mwaka wa pili katika chuo kikuu akisomea uhandisi wa ujenzi. Kijana alikuwa ameona dukani kompyuta ya kupakata, zile zinazoundwa kwa ajili ya michezo, yenye kioo cha inchi 17.3. Bei yake shilingi 180,000.

"Mjomba, ni ya masomo," mpwa wangu aliwahi kusema hata kabla sijauliza.

Baba yake alikohoa kidogo. "Shemeji, nimeuza magunia 45 kwa shilingi 4,000 kila gunia. Pesa zinatosha kompyuta, haibaki hata ya nauli. Na dada yake yuko shule ya bweni, karo ya muhula ujao inaningoja. Wewe ndiwe huandika mambo ya mitambo gazetini. Niambie kama nanunua jembe au nanunua kitu cha kuchezea."

Yamkini swali hilo limewahi kuulizwa nyumbani kwako pia. Mimi sikutaka kulijibu kwa kubahatisha. Jirani yangu, kijana anayehariri video za harusi, ana mashine ya aina ile ile ambayo ameitumia mwaka mmoja. Nilimwomba, naye akatuazima kuanzia jioni hiyo hadi Jumapili. Jina la kampuni iliyoiunda silitaji, maana ukurasa huu si wa matangazo, na tena niliyoyaona yanahusu karibu kila mashine ya jamii hii.

Tuanze na umbo. Ukiiweka mezani, mashine hii inajaza macho. Kioo cha inchi 17.3, kikipimwa kutoka pembe moja hadi pembe ya pili, kina eneo linalokizidi kile cha kawaida cha inchi 15.6 kwa zaidi ya moja ya tano. Mchoro wa daraja ambao mpwa wangu alizoea kuusogeza huku na huku ulionekana karibu wote kwa mara moja. Picha zake hubadilika hadi mara 144 kwa sekunde badala ya mara 60, ndiyo maana gari likikata kona huoni picha ikikatikakatika.

Lakini kila kizuri kina gharama. Mashine peke yake ina uzito wa karibu kilo tatu, na chaja yake, tofali hasa, inakaribia kilo moja. Mweke mwanafunzi na vitabu vyake, kisha umpandishe matatu asubuhi ya mvua. Mkoba mwingi wa kawaida pia haukubali upana huo. Mpwa wangu alijaribu wake, na zipu ikagoma katikati.

Sasa tuingie ndani. Prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, ni Intel Core i7-13650HX yenye viini 14, vikubwa sita na vidogo vinane. Kadi ya picha ni Nvidia GeForce RTX 4060 yenye kumbukumbu yake ya gigabaiti 8. Kumbukumbu ya kazi, ile iitwayo RAM, ni gigabaiti 16, na ghala la kuhifadhia ni gigabaiti 512.

Hapo ndipo wazazi wengi huuziwa mbuzi ndani ya gunia. Muuzaji hutaja jina la kadi ya picha kana kwamba jina linatosha. Msomaji, halitoshi. Chukua RTX 4070, ambayo ni kubwa kuliko hii. Ile ya kompyuta ya mezani ina viini 5,888 na kumbukumbu ya gigabaiti 12. Ile ya kompyuta ya kupakata, yenye jina lilo hilo, ina viini 4,608 na gigabaiti 8. Majina yamefanana kama ya pacha, lakini nguvu si moja.

Tena kuna jambo la wati. Nvidia huwaruhusu waundaji wa kompyuta za kupakata kuilisha RTX 4060 umeme wa kuanzia wati 35 hadi wati 115, kulingana na uwezo wa mashine wa kutoa joto. Basi unaweza kukuta kompyuta mbili zenye kibandiko kimoja, nyembamba na nene, na ile nene ikaiacha nyembamba mbali sana. Swali la kumuuliza muuzaji ni hili: "Kadi hii inapewa wati ngapi?" Asipojua, mwombe karatasi ya maelezo kutoka kwa kampuni.

Ghala nalo lisikudanganye. Gigabaiti 512 zinasikika nyingi hadi utakapojua kwamba mchezo mmoja wa magari, Forza Horizon 5, wenyewe unadai gigabaiti 110. Kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde, kuupakua huchukua siku nzima, mchana na usiku. Ukiweka michezo mitatu kama huo, masomo yatakaa wapi?

Jumamosi asubuhi tuliujaribu mchezo huo huo. Watoto wangu walikwisha kujipanga nyuma ya kiti kama watazamaji wa uwanjani, na shemeji alikaa pembeni na kikombe chake cha chai. Tulipandisha ubora wa picha hadi juu, na mashine ikaanza kwa mbwembwe: picha 95 kwa sekunde, rangi za kupendeza, watoto wakipiga makofi.

Dakika ya kumi feni zilianza kuvuma. Dakika ya ishirini zilivuma hasa, hata mke wangu akauliza kutoka jikoni kama kuna mtu anayekausha nywele. Idadi ya picha ilishuka hadi 80, kisha 70, ikabaki hapo. Sehemu ya juu ya kibodi ilikuwa moto kiasi cha kukufanya uondoe kidole.

Shemeji, ambaye zamani alikimbia mbio za nyika shuleni, aliweka kikombe chini. "Huyu ameanza kwa kasi, sasa anatafuta pumzi," alisema. Kisha akauliza swali ambalo mimi, mwandishi wa mitambo, sikuwa nimeliuliza: "Akichoka, anabaki na mwendo gani?"

Msomaji, hilo ndilo swali lote. Prosesa za aina hii zina kikomo cha joto cha nyuzi 100 za selsiasi. Zikikifikia, hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Kwa hiyo nguvu iliyoandikwa kwenye kasha ni ya dakika chache za kwanza. Nguvu utakayoishi nayo ni ile inayobaki baada ya nusu saa.

Sisi wa Eldoret tunapaswa kuwa wa kwanza kuelewa jambo hili. Eliud Kipchoge, aliyefanyia mazoezi yake Kaptagat hapa jirani, alipokimbia marathoni kwa saa 1:59:40 kule Vienna mnamo Oktoba 12, 2019, hakufyatuka kama mwizi. Alikwenda takriban dakika 2 na sekunde 50 kwa kila kilomita, tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Sifa yake ilikuwa ni kuudumisha mwendo.

Tena hewa inayowafunza wanariadha wetu inazitesa kidogo mashine zetu. Eldoret iko kiasi cha mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Feni ikizunguka mara zile zile, husukuma hewa pungufu, nayo huondoa joto pungufu. Bahati yetu ni kwamba hewa yenyewe ni baridi, hasa asubuhi, kwa hiyo tunapoteza huku na kupata kule.

Lakini kulikuwa na mchawi mwingine. Jumamosi mchana jirani alikuja kutazama, nami nikamwomba ruhusa tufungue kifuniko cha chini. Mlemle kwenye feni tulikuta vumbi jekundu la Kapsoya limejikusanya kama blanketi. Tulizima mashine, tukachomoa chaja, tukatenganisha waya wa betri, tukaliondoa vumbi kwa brashi laini huku tumeshika feni zisizunguke. Baadaye tuliinua upande wa nyuma kwa vitabu viwili ili ivute hewa vizuri. Tuliporudia mchezo ule ule, baada ya nusu saa ilibaki na picha 85. Hatukutumia hata senti moja. Angalizo ni kwamba kama mashine yako bado ina dhamana, soma kwanza masharti kabla ya kugusa skrubu.

Usiku huo stima zilipotea, na giza likatupa jaribio jingine. Mpwa wangu alicheka akasema, "Mjomba, hapa ndipo ya kupakata inaishinda ya mezani." Alikuwa na haki nusu. Mashine haikuzimika, lakini mchezo ulikuwa kama unatembea kwa magongo, maana betri haiwezi kutoa umeme wote unaotoka kwenye chaja. Betri yenyewe ni ya wati-saa 90. Karibu kampuni zote huishia chini ya 100, kwa kuwa betri inayozidi hapo huhitaji idhini ya shirika la ndege ili abiria asafiri nayo. Tulipofunga mchezo na kufungua maandishi tu, ilituvusha saa tatu na ushee. Basi gizani ni mashine ya kusomea, si ya kuchezea.

Na wazazi, msisahau tokeni. Mashine ikila wati 200 kwa saa nne kila siku, hizo ni yuniti 24 kwa mwezi.

Tulipokaa katika mwanga wa kioo hicho, nilimwambia mpwa wangu anionyeshe kazi zake za chuo. Alifungua michoro yake ya AutoCAD, ile ya bapa, na feni hazikushtuka hata kidogo. Kazi ya namna hiyo hutegemea zaidi kasi ya kiini kimoja cha prosesa, haina haja na kadi kubwa ya picha. Alipofungua jengo la pande tatu katika programu ya Blender na kuliamuru litoe picha kamili, hapo kadi ilifanya kazi ya kulipiwa.

"Kazi kama hii wanakupa mara ngapi?" baba yake alimuuliza.

Kijana alinyamaza, akatazama chini. "Bado hawajatupa, Baba. Wataanza mwaka ujao. Nyingine ni kucheza na wenzangu." Shemeji hakumkemea. Alisema tu, "Afadhali umesema."

Basi hukumu yangu ilikuwa hii. Mashine ni nzuri, na hata ikichoka inabaki na mwendo unaozidi mahitaji ya kijana. Ila katika zile shilingi 180,000, sehemu kubwa ilikuwa inalipia ukubwa wa kioo, na kioo hicho ndicho kingemvunja mgongo kila siku.

Jumatatu tuliingia mjini sote watatu. Tulipata ya inchi 15.6 yenye kadi ile ile ya RTX 4060, nene kiasi, ikilishwa wati zake zote, yenye RAM ya gigabaiti 16 na nafasi tupu ya kuongeza baadaye. Tulimwomba muuzaji tuiendeshe dukani kwa nusu saa. Alinuna kidogo, kisha akavuta kiti naye akatazama. Haikushuka sana. Bei ilikuwa shilingi 135,000, na zile 45,000 zilizobaki shemeji alizifunga kwenye bahasha nyingine akaandika juu yake jina la binti yake.

Kijana alisikitikia kioo kikubwa, siwezi kuficha. Nilimnunulia waya wa HDMI, nikamwambia akifika nyumbani auchomeke kwenye televisheni ya sebuleni, nayo ni ya inchi 32.

Basi msomaji, ukienda dukani kesho, nenda na maswali haya. Kadi inapewa wati ngapi? RAM inaweza kuongezwa? Mashine na chaja yake vina uzito gani pamoja? Dhamana ni ya muda gani, na atakayeitekeleza yuko mji gani? Kisha omba nusu saa ya majaribio. Muuzaji akikataa kabisa, rudisha pesa mfukoni, maduka ni mengi. Na kabla ya hayo yote, ulizaneni nyumbani bila hasira: kazi ni ipi, na mchezo ni upi? Mchezo si dhambi, mradi usijifiche nyuma ya masomo.

Juzi usiku shemeji alinipigia simu kutoka Moiben. Nilidhani kompyuta imeharibika. Kumbe alitaka kunishitakia kwamba binti yake, aliyekuja nyumbani kwa likizo fupi, amemfunga mabao matano kwa nunge kwenye televisheni ya sebuleni, mbele ya mama yao.

"Na wewe ukichoka," nilimuuliza, "unabaki na mwendo gani?"

Alikata simu.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.