Staa Wetu na Boneti Yenye Pua: Kiki Hiyo Haipandi Mlima wa Ngorongoro

Wiki hii stori mjini Karatu ni moja tu. Kuna staa mmoja wa Bongo, jina nalihifadhi ila wengi mshamjua, kapiga picha na ndinga yake ya kizamani pale geti la Lodoare. Mark II safi kabisa, rangi inang'aa, ila boneti imetobolewa na kuwekewa lile tundu la hewa linaloangalia mbele, lile mafundi wanaita skupu. Akaandika kwamba sasa injini inavuta hewa ya baridi na mlima anaupanda kama anashuka.

Laiki zikamiminika. Sawa, hongera zake. Shida imeanza pale madogo wa huku walipoanza kuzunguka gereji wanaulizia kukatiwa boneti. Hapo ndo na mimi nikasema hapana, hili lazima tuliongee.

Msimamo wangu ni huu. Skupu kama urembo, poa tu, gari ni yako na hela ni yako. Skupu kama dawa ya gari kukosa nguvu au kuchemsha mlimani, hiyo ni kiki.

Tuanze na hewa yenyewe. Karatu tupo kwenye mita 1500 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukifika ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro uko karibu mita 2300. Injini isiyo na tabo inapoteza nguvu kama asilimia 10 kwa kila mita 1000 unazopanda, kwa sababu hewa inazidi kuwa nyepesi. Kwa hiyo pale juu gari lako limeshaacha njiani zaidi ya asilimia 20 ya nguvu lililokuwa nazo Dar. Sasa hewa ikipoa kwa nyuzi 10, unachorudisha ni kama asilimia 3. Piga hesabu mwenyewe.

Wengine watasema gari likikimbia, upepo unasukumwa kwa nguvu ndani ya skupu. Kweli unasukumwa, ila hata ukiwa spidi 100 msukumo huo haufiki hata nusu ya asilimia 1 ya presha ya hewa ya kawaida. Ukiwa spidi 50 unabaki robo yake. Na nani anapanda zile kona za msituni juu ya Lodoare kwa spidi 100, na malori na magari ya watalii yako mbele? Unapanda na gia ya pili, mwanangu. Hapo hakuna upepo wa kusukuma chochote.

Halafu kuna hili watu hawalijui. Gari nyingi zilitoka kiwandani na mrija unaovuta hewa ya nje, nyuma ya taa au juu ya rejeta, ukaipeleka kwenye eya klina. Mara nyingi ule mrija umepasuka au fundi aliutoa akasahau kuurudisha, injini inabaki inavuta joto la chini ya boneti. Kuurudisha ule mrija ni kazi ndogo sana ukilinganisha na kukata bati. Na skupu iliyobandikwa tu juu ya boneti, bila bomba la kuiunganisha na eya klina, inamwaga upepo juu ya injini basi.

Najua mtaniambia, "Mbona Subaru zinayo?" Swali zuri. Forester yenye tabo ina kifaa kinaitwa intakula, kimelala juu ya injini, kazi yake ni kupoza hewa iliyopashwa moto na tabo. Skupu iko pale kukipulizia kile kifaa. Ndo maana Forester isiyo na tabo ilitoka kiwandani boneti bapa. Ukiitoboa, unapoza nini? Colin McRae alishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1997 na Impreza yenye skupu, ila gari lile lilikuwa na tabo, na lilifungwa snokeli kwa ajili ya maji na vumbi. Watu wanaiga pua, snokeli hawaioni.

Tena huna haja ya kwenda mbali. Simama barabarani Karatu asubuhi uangalie Land Cruiser zinazopeleka wageni kreta. Nyingi ni zile za injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo. Boneti bapa, snokeli pembeni juu. Zinashuka kreta na kupanda siku nzima. Hao madereva wanaishi kwa mlima ule, kama skupu ingekuwa na faida kwao wangekuwa nayo zamani.

Sasa twende kwenye kuchemsha, maana hapa ndo watu wanaumia. Ukingoni mwa kreta maji ya kawaida yanachemka kwenye nyuzi 92 hivi, sio 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya rejeta ni ile presha inayoshikiliwa na mfuniko. Mfuniko ukilegea, huna presha, na mlimani maji yanachemka mapema. Mfuniko mdogo tu ule. Ongeza rejeta iliyojaa kutu kwa sababu ya maji ya bomba bila kulanti, feni mbovu, na thamostati iliyotupwa na fundi. Skupu haigusi hata kimoja kati ya hivyo. Tena inayoangalia mbele inaweza kujaza presha chini ya boneti, upepo wa kupita kwenye rejeta ukakosa pa kutokea.

Kuna dogo mmoja hapa Karatu, sitamtaja. Gari ya mjomba wake ndo ilikuwa inabeba abiria na kulipa ada za wadogo zake. Hela ya rejeta akaipeleka kwenye boneti. Akapanda kutoka Mto wa Mbu na abiria wanne, mshale wa joto ukapanda nao. Gasketi ya silinda hedi ikaungua. Gari iko juu ya mawe mpaka leo, na skupu yake bado inapendeza.

Mvua za masika zikija, lile tundu linakuwa bakuli la kumwagia maji kwenye waya na plagi. Kiangazi, vumbi letu jekundu mnalijua.

Staa akichoka na gari ataliuza akanunue jingine, na video imeshamlipa. Wewe gari likifa, na biashara imekufa. Kwa hiyo mpangilio ni huu: mfuniko, rejeta, feni, thamostati, kulanti, mrija wa eya klina. Vyote vikiwa vizima na hela ikabaki, toboa boneti mpaka uridhike, nitakuja kupiga picha na wewe.

Wenye Mark II na skupu najua mmekasirika. Tiririkeni hapo chini, ila mje na mshale wa joto, msije na picha.