Maji Yaliyomo Ndani ya Gunia

Kuna kauli inayopita bila kupingwa, kuanzia vijiwe vya kahawa vya Tabata, Dar es Salaam, hadi bungeni Dodoma: chakula kikilimwa nyumbani ni faida, kikiagizwa nje ni hasara. Ukiipima kwa fedha za kigeni ina nguvu. Ukiipima kwa maji, haisimami.

Kwa wastani wa dunia, kilo moja ya mchele hugharimu takriban lita 2,500 za maji tangu shambani, yaani madumu 125 ya lita 20. Kilo ya ngano hugharimu kama lita 1,800. Mwaka 2022 Mto Ruvu ulipopungua na mamlaka ya maji, DAWASA, ikatoa maji kwa mgawo, watu walihesabu madumu. Hata katika dhiki ile, maji yaliyokuja Tabata ndani ya magunia ya mchele na mifuko ya unga yalizidi kwa mbali yaliyopita bombani.

Swali ni yalikotoka. Ngano yetu nyingi huagizwa, na sehemu kubwa imekuwa ikitoka Urusi, ambako hulimwa kwa mvua na theluji. Hakuna mto uliokaushwa ili chapati ya Tabata iive.

Mchele wa Mbarali, mkoani Mbeya, ni wetu, na ni mtamu kweli. Lakini tambarare ya Usangu inakolimwa mpunga huo haina mvua nyingi, na mifereji yake huchota kwenye mito inayoulisha Ruaha Mkuu. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, viboko wakabanana kwenye madimbwi ya tope. Mto huohuo ndio unaolisha bwawa la Mtera, na chini zaidi Kidatu, kunakofuliwa umeme tunaoutumia huku. Simsemi vibaya mkulima mdogo. Wakati wa mvua, sehemu nzuri ya maji ya mpunga hutoka mbinguni. Kinachouumiza mto ni mifereji inayoendelea kuvuta maji Septemba, Oktoba na Novemba, hata mashamba mengine yakiwa hayana mpunga.

Nenda Kyela, mkoa huohuo wa Mbeya. Kule mvua ni kubwa, na mpunga hukua bila kuomba maji ya mfereji. Ukifika gengeni, wa Kyela na wa Mbarali wote ni "mchele wa Mbeya", ilhali mmoja umeuachia mto maji yake na mwingine umeyachukua. Wala sisemi kila cha nje ni salama: mchele wa Pakistani hutegemea mifereji ya Mto Indus na pampu za visima. Mpaka wa nchi hautuambii lolote kuhusu maji. Mvua au mto, na mwezi gani, ndiyo maswali yenye maana.

Saudi Arabia iliwahi kushika kauli yetu hii kwa nguvu zote. Ilivuta maji ya kale yaliyo chini ya jangwa, ikalima ngano hadi ikauza nje. Mwaka 2008 ikaamua kuachana nayo hatua kwa hatua, kwa kuwa visima vilikuwa vikiisha. Mwaka huohuo Profesa Tony Allan wa London alipewa Tuzo ya Maji ya Stockholm kwa kuonyesha kwamba nchi kame huishi kwa maji yanayoingia ndani ya nafaka.

Nitajibiwa kwamba meli si za kutegemea, na vita vya Ukraine vimetufunza. Ni kweli, tulime zaidi. Tuanze na kunakonyesha: Kyela, Kilombero, nyanda za ngano za Hanang. Na kabla ya mfereji mpya kuchimbwa Usangu, Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji itutangazie hadharani ni maji kiasi gani yatabaki ndani ya Ruaha mwezi Oktoba. Sisi tunaokula wali huo tuna haki ya kuuliza, na tuulize sasa.