KIWANJA KIFUNGWE KABLA YA UPEPO KUFIKA

Kila Sikukuu inapoingia, watoto wa Visiwa hivi huwa na safari moja tu vichwani mwao. Wakishavaa nguo mpya na kukusanya mkono wa Idi kwa wazee na jamaa, hutaka kupelekwa kiwanjani. Mjini Unguja humiminika Kariakoo na Mnazi Mmoja. Chake Chake hukimbilia Tibirinzi. Na huko mashamba, pembea hufungwa popote penye uwazi. Furaha hiyo ni haki yao, nasi hatuna kusudi la kuwapunguzia hata saa moja bila ya sababu. Hata hivyo, kuna swali ambalo halina budi kuulizwa na kujibiwa mapema, kabla halijajibiwa na msiba: mamlaka ya hali ya hewa inapotoa onyo la upepo mkali au mvua ya radi, je, viwanja hivi navyo vifungwe? Jibu letu ni ndiyo. Tena tunaongeza kwamba uamuzi wa kufunga usiachwe mikononi mwa mtu ambaye riziki yake ya siku hiyo inatokana na tiketi.

Jambo hili lina haraka yake, na haraka hiyo imo katika kalenda. Sikukuu zetu hazitulii katika msimu mmoja. Kila mwaka hurudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja. Mwaka 2024 Idi el-Fitri iliangukia tarehe 10 Aprili, katikati ya masika, na mwaka 2025 ikawa tarehe 31 Machi. Idi hiyo sasa inaelekea kutoka katika mvua. Lakini Idi el-Hajj, ambayo mwaka 2025 ilikuwa Juni, inaingia mahali pake: kwa hesabu za mwezi, mwaka 2027 itakuwa katikati ya Mei, mwaka 2028 mwanzoni mwa Mei, na mwaka 2029 mwishoni mwa Aprili. Kwa maneno mengine, kwa miaka kadhaa mfululizo watoto wetu watakuwa juu ya pembea wakati masika yamepamba moto na upepo wa kusi ndiyo kwanza unashika nguvu.

Wasomaji wetu wanaifahamu vyema lugha ya matangazo ya hali ya hewa. Tangazo linalosikika mara nyingi zaidi katika redio ni lile lisemalo kwamba upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2 yanatarajiwa katika ukanda wa Pwani, pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba. Mvuvi akilisikia huangalia mbingu, akalivuta dau lake juu ya mchanga. Mwenye pembea akilisikia hubadilisha stesheni, kwani yeye hana chombo baharini. Hapo ndipo penye kosa. Kanuni zinazofuatwa katika nchi za Ulaya kwa yale majumba ya mpira yanayojazwa hewa, ambayo watoto hupanda na kurukaruka ndani yake, zinataka yasitumike kabisa upepo ukizidi kilomita 38 kwa saa. Maana yake ni kwamba tangazo la kawaida, lile la rangi ya njano ambalo wengi wetu hulichukulia kuwa ni habari za mabaharia tu, limekwisha kuvuka mpaka wa jumba la mpira.

Yafaa pia ieleweke kwamba nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na mwendo wake. Upepo ukiongeza mwendo mara mbili, msukumo wake huongezeka mara nne. Ndiyo sababu turubai lililotulia asubuhi nzima huweza kung'oka kwa pigo moja tu la upepo alasiri. Mwendeshaji anayesema kwamba mitambo yake imestahimili upepo wa jana hajasema lolote juu ya upepo wa leo.

Mifano ya yaliyotokea kwingine ipo, nayo si ya kufurahisha. Mwezi Machi 2016, katika mji wa Harlow nchini Uingereza, upepo uliling'oa jumba la mpira likiwa na mtoto wa kike wa miaka 7 ndani yake, likachukuliwa mamia ya mita, na mtoto akafariki. Waendeshaji wake wawili walitiwa hatiani na mahakama mwaka 2018, kwa kuwa hawakulifunga jumba lile inavyopasa na hawakufuatilia hali ya hewa. Tarehe 16 Disemba 2021, katika mji wa Devonport uliopo Tasmania, kisiwa kama chetu, watoto 6 wa shule ya msingi walipoteza maisha baada ya upepo kulinyanyua jumba la namna hiyo hiyo. Huko mahakama ilimwachia huru mwendeshaji mwaka 2025, ikiona kwamba chamchela iliyozuka siku ile isingeweza kutabiriwa. Hukumu hizi mbili zafaa kusomwa pamoja na maofisa wetu. Chamchela ya ghafla haitangazwi redioni. Lakini upepo uliotangazwa tangu jana yake, ukiwa na rangi, saa na majina ya mikoa, hauwezi kuitwa ajali ya ghafla na mtu yeyote mwenye akili timamu.

Mfano wa tatu ndio unaotugusa zaidi, kwa sababu unahusu swali la nani mwenye kauli. Tarehe 13 Agosti 2011, katika maonyesho ya jimbo la Indiana huko Marekani, umati ulikuwa umekusanyika kusikiliza muziki usiku. Maonyo ya tufani yalikuwa yametolewa. Wakubwa wa maonyesho walikuwa wakishauriana kama waahirishe au wasubiri, na katika mashauri hayo upepo ukafika na kuliangusha jukwaa juu ya watu. Watu 7 walikufa. Wachunguzi walieleza kwamba jukwaa lenyewe halikuwa na uimara uliotakiwa. Lakini walieleza pia kwamba haikuwa wazi ni nani hasa aliyekuwa na mamlaka ya kuusimamisha mkutano ule. Walikuwapo wakubwa wengi, na hakuna aliyepewa kazi ya kusema neno moja: basi.

Sasa na tujiulize kwa uaminifu. Katika kiwanja cha Sikukuu hapa kwetu, siku ya Idi pili, saa kumi na moja jioni, wingu jeusi linapopanda kutoka upande wa bahari, ni nani mwenye kazi hiyo? Ni mwenye mtambo, ambaye ameukodi kwa siku nne na anahesabu siku zake? Ni kijana anayekata tiketi? Ni askari aliyepangiwa kuangalia wezi wa mifuko? Ni Sheha? Ikiwa jibu ni kwamba wote wanahusika, basi hakuna anayehusika.

Kuhusu vyombo vya baharini tumekwisha kujifunza, na tulijifunza kwa gharama kubwa. Tangu Mv Skagit ilipopinduka karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, bahari ikiwa imechafuka, si rahisi tena kumkuta mtu mzima anayelalamika boti inapozuiwa bandarini kwa sababu ya upepo. Kimbunga Hidaya kilipokaribia mwanzoni mwa Mei 2024, safari za boti baina ya Dar es Salaam na Unguja zilisitishwa, na abiria walirudi majumbani mwao wakiwa na mabegi vichwani. Walinung'unika kidogo, kama ilivyo ada, lakini walirudi. Hatuoni kwa nini mtoto anayezuiwa kuvuka bahari kwa ajili ya upepo aruhusiwe upepo huo huo umkute mita kumi na tano juu ya ardhi, amefungwa kwa mnyororo katika kiti cha bati.

Wapo watakaosema kwamba vimbunga si mambo ya huku kwetu, kwani tupo karibu mno na mstari wa Ikweta. Ni kweli kwamba ni nadra. Lakini Unguja haijasahau, au isingepaswa kusahau, Aprili ya mwaka 1872, pale tufani ilipoilaza mikarafuu ya kisiwa kizima na kuziharibu merikebu za Seyyid Barghash bandarini. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na hiyo ni mojawapo ya sababu za karafuu kuwa za Pemba hadi leo. Vile vile Lindi ilipigwa mwezi Aprili 1952. Na kwa kweli hatuhitaji kimbunga. Radi moja ya masika yatosha.

Hoja nzito zaidi ni ile ya wafanyabiashara, nasi hatuidharau. Mama muuza urojo, muuza maji ya miwa, kijana wa mabaluni, wote hawa hutumia fedha kabla ya Sikukuu wakitegemea kuzipata katika siku zile nne. Kiwanja kikifungwa kwa onyo ambalo baadaye halikutimia, hasara ni yao. Na maonyo yasiyotimia yapo. Mwezi Aprili 2021 Pwani nzima ilikuwa ikikisubiri Kimbunga Jobo, nacho kikadhoofika kabla ya kugusa nchi kavu. Siku zilizofuata watu wengi waliwacheka watabiri. Tuliona wakati ule, na tunaona hata sasa, kwamba kicheko kile hakikuwa na msingi. Anayetabiri upepo hasemi utakuja kwa hakika. Anasema unaweza kuja, na anakupa nafasi ya kujitayarisha. Hata hivyo, ni wajibu wa Serikali kuhakikisha kwamba gharama ya kujitayarisha haimwangukii mnyonge peke yake. Siku ambayo kiwanja kimefungwa kwa amri, ushuru wa biashara wa siku hiyo usidaiwe, na tiketi iliyokwisha kukatwa iwe halali kwa siku nyingine yoyote ya Sikukuu hiyo. Bila ya hayo, amri ya kufunga itapigwa vita na wale wale ambao ingewalinda watoto wao.

Wala hatusemi kiwanja kizima kifungwe kwa kila manyunyu. Mfano mzuri wa kutofautisha tunauona Hong Kong, nchi ya visiwa na matufani, ambayo imekuwa ikitumia namba katika maonyo yake tangu mwaka 1917. Ikipandishwa namba 8, yaani upepo wa kilomita 63 kwa saa au zaidi, shule hufungwa, vivuko hutafuta hifadhi, na bustani kubwa ya michezo iliyopo kusini mwa kisiwa hicho hufunga milango yake. Hakuna mkutano wala mabishano mlangoni. Baba anajua, mtoto anajua, na mwenye bustani anajua.

Sisi hatuna haja ya kubuni namba, kwa kuwa tunazo rangi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa maonyo yake kwa njano, rangi ya chungwa na nyekundu. Tunapendekeza kwamba panapotolewa njano ya upepo, majumba ya mpira yatolewe hewa, maturubai yashushwe, na mitambo mirefu iendeshwe tu iwapo kipo kipima upepo na mtu wa kukitazama. Panapotolewa rangi ya chungwa, mitambo yote isimame, na panapotolewa nyekundu, mlango usifunguliwe kabisa. Ama radi, hiyo haisubiri tangazo. Sauti yake huchukua kiasi cha sekunde 3 kwa kila kilomita. Ikiwa baina ya mwanga na ngurumo hazikupita sekunde 30, radi ipo ndani ya kilomita 10, na watoto washushwe. Wasirudishwe mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Nao wapelekwe ndani ya majengo au magari, si chini ya miti, ingawa tunajua kwamba mvua ikianza mguu wa Mswahili huelekea kwenye mwembe.

Tukumbuke pia kwamba kushusha watu huchukua muda. Pembea kubwa ya kuzunguka hushusha viti vyake kimoja kimoja, na umeme ukikatika kabla ya kazi hiyo kwisha, waliobaki juu watabaki juu. Mji wa Unguja, ambao ulikaa bila ya umeme tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 kwa hitilafu ya waya wa baharini, haupaswi kufundishwa juu ya kukatika kwa umeme. Kila mtambo mrefu uwe na jenereta au mkono wa kuuzungusha, na amri ya kufunga itolewe mapema.

Yote haya hayahitaji chombo kipya cha Serikali. Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa ipo, na Sheria yake ya mwaka 2015 ipo; Wilaya na Shehia zina watu wake. Kinachokosekana ni kumteua kwa maandishi mtu mmoja katika kila kiwanja, asiye na hisa katika tiketi, ambaye neno lake halipingwi na mwenye mtambo wala na mkubwa yeyote aliyekuja na watoto wake. Jina la mtu huyo, pamoja na zile rangi tatu na maana zake, liandikwe katika kibao mlangoni, kwa herufi ambazo mzazi ataweza kuzisoma akiwa amebeba mtoto. Kibao kama hicho fundi wa rangi hukimaliza kwa siku moja. Tunaiomba Kamisheni ikiweke Kariakoo, Mnazi Mmoja na Tibirinzi kabla ya Idi el-Hajj inayokuja, na kibali cha pembea za muda huko mashamba kisitolewe kwa yeyote asiyekuwa nacho.